Barua ya wazi kwa wakuu wa kaunti yetu ya pwani: tufungulieni njia za kuteremkia bandarini

Kwa:
Mheshimiwa Gavana,
Waheshimiwa Mawaziri wa Kaunti wanaosimamia Ardhi na Mipango, na Uvuvi,
Msajili wa Ardhi na Mpima wa Ardhi wa eneo letu.

KUH: NJIA ZA WAVUVI ZINAZOPITA KATIKA VIWANJA VYA WATU BINAFSI

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Sisi ni wavuvi wa mshipi, wa malema (mitego ya kusuka) na wa nyavu, wavuvi wa pweza wanaokwenda kwa miguu, wachuuzi na mama karanga (wanaokaanga na kuuza samaki) wa bandari ndogo za ukanda huu, pamoja na viongozi wa BMU zetu, yaani vikundi vya kusimamia bandari za samaki. Tunaandika hadharani kwa sababu barua za faraghani zimekwama. Nakala zetu zina mihuri ya kupokelewa, na vikaoni tumeambiwa kila mara kwamba jambo letu linashughulikiwa. Huku likishughulikiwa, kuta zinapanda.

Hatuji kudai kiwanja cha mtu wala kuvunja ukuta wa mtu. Tunachotaka ni njia ya mguu na ya mkokoteni, kutoka barabarani hadi mchangani, iliyoandikwa mahali ambapo haifutiki kila shamba linapouzwa. Mambo yenyewe ni haya.

1. Bahari ni ya umma, lakini hakuna pa kuiingilia

Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma. Mito na maziwa ni vivyo hivyo. Hilo hakuna anayelibisha, hata wenye majumba ya ufuoni. Ugomvi uko kwenye zile mita mia au mia mbili kati ya lami na mchanga.

Kila tukilitaja hili, afisa hutujibu kwa mita 60. Tunazijua. Kanuni za Upimaji zinataka ardhi ya serikali isiyogawanywa bado, inapopimwa kando ya bahari, iachiwe kwa kawaida ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa. Lakini kanuni hiyo haivigusi viwanja vilivyokwisha kutolewa, na hapa kwetu hati nyingi za ule ukanda wa pwani wa maili kumi zina mizizi katika sheria ya hati za ardhi ya 1908. Watu wakati huo walikwenda kudai mashamba. Nani angekwenda kudai njia ambayo kila mtu alikuwa akipita? Tena hata pale mita 60 zilipoachwa, ukanda wenyewe umelala sambamba na bahari. Sisi tunahitaji njia inayokatiza.

Si sisi peke yetu tuliojikwaa hapa. Jimbo la Montana, Marekani, lina sheria ya mwaka 1985 inayomruhusu mvuvi wa ndoana kuutumia mto hadi alama ya kawaida ya maji kujaa, hata kama kingo zote mbili ni za tajiri mmoja. Sheria hiyo haikumpa ruhusa ya kukatiza shamba kuufikia mto. Watu wakawa wanateremkia kwenye madaraja ya barabara za umma, wenye mashamba wakafunga seng'enge hadi kwenye nguzo za daraja, na vita vikahamia hapo. Ilibidi mwaka 2009 itungwe sheria nyingine: funga seng'enge yako darajani kwa ajili ya ng'ombe, lakini uache pa kupita mtu. Kaunti yetu ingali kwenye hatua ya kwanza, na tunaomba isingoje miaka 24.

2. Njia ni za aina tatu, na ofisi inazichanganya

Hapa ndipo faili zetu zinapofia, kwa hivyo tutakwenda polepole.

Aina ya kwanza ni njia iliyochorwa. Shamba kubwa lilipogawanywa viwanja, mpima aliacha njia ya umma ya kuteremkia baharini, na ipo kwenye ramani ya usajili mpaka leo. Kwenye ardhi yenyewe utakuta bikoni, alama ya mpaka, imeng'olewa, jirani mmoja amesogeza ukuta, wa pili naye akasogeza wake, na kilichobaki ni upenyo au hakuna kabisa. Njia ya namna hii haihitaji sheria mpya, fidia wala kesi. Barabara na njia za kupita ni ardhi ya umma kwa Kifungu kile kile cha 62. Inahitaji mpima aje na ramani, arudishe bikoni mahali pake, kisha notisi itolewe.

Aina ya pili ni njia iliyotumika tangu enzi za mababu lakini haikuchorwa popote. Hii ndiyo nyingi kuliko zote. Tunaambiwa "hati haionyeshi njia", na faili linafungwa. Lakini Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, Kifungu cha 28, inazitambua haki za njia zilizokuwapo wakati wa usajili wa kwanza hata kama hazikuandikwa kwenye sajili. Hati kutoonyesha njia si jibu la mwisho. Ni mwanzo wa uchunguzi: nani alipita hapa, tangu lini, picha za zamani za angani zinaonyesha nini, wazee wanasema nini.

Wapo wanaotushauri tukashike ile miaka 20 ya Sheria ya Ukomo wa Madai, Kifungu cha 32. Ushauri mzuri kwa mwenye shamba la nyuma aliyepita shamba la mbele miaka 20 bila kuzuiwa, maana haki ya namna hiyo hushikamana na ardhi inayofaidika nayo. Mvuvi wetu hana ardhi, ana mtumbwi. Njia inayomfaa ni ile ya Sheria ya Ardhi ya 2012, Vifungu vya 143 hadi 149, vinavyoweka njia ya jamii katika ardhi ya mtu binafsi. Ombi hupelekwa kwa Tume ya Taifa ya Ardhi, na anayeruhusiwa kuomba ni serikali ya kaunti, chama, au kundi lolote la watu. Mwenye ardhi hulipwa fidia, na mzigo wa kulipa humwangukia aliyeomba. BMU inayojiendesha kwa ushuru mdogo wa samaki haiwezi kuubeba. Kaunti inaweza.

Aina ya tatu ni njia ya hisani. Mwenye shamba ni muungwana, anaacha watu wapite. Tunamshukuru, na tunajua kwamba siku akiuza, hisani inauzwa pamoja na minazi. Dawa yake ni rahisi kuliko zote: mwenyewe atie sahihi mkataba wa haki ya kupita, uandikishwe kwenye sajili ya kiwanja, na mnunuzi auone anapofanya upekuzi. Tunachokosa ni wakili wa kaunti wa kuuandika na mtu wa kulipia ada.

Tukiuliza habari ya njia iliyochorwa, tunajibiwa kwa matatizo ya njia isiyochorwa. Tukiuliza ya njia isiyochorwa, tunaambiwa tukazungumze na mwenye shamba kirafiki. Hivyo aina zote tatu zinalala kwenye faili moja.

3. "Si mkazunguke njia ile nyingine?"

Njia ile nyingine iko kilomita mbili. Kwa anayeangalia ramani, ni mwendo wa nusu saa ufuoni. Kwa anayejua maji, inategemea ni siku gani na saa ngapi.

Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, maji ya huku kwetu hujaa mnamo saa kumi hadi saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na kupwa mnamo saa nne hadi saa tano. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi, hata ikifika maji mafu, siku ambazo hayajai wala kupwa sana, mambo yamegeuka. Sasa tazameni. Vyombo vilivyolala baharini vinarudi alfajiri. Kama ni bamvua, wakati huo bahari imeugusa ukuta, hakuna ufuo wa kutembelea. Ukianza kusi na mawimbi yake, mchuuzi mwenye karai kichwani anapigwa na maji kiunoni huku ubavu mmoja ni zege. Ama angoje maji yatoke, saa mbili au zaidi, ama asiende. Njia mbadala ambayo haipitiki saa ya kazi haistahili kuhesabiwa kuwa ni njia.

Mvuvi wa pweza yeye anafuata maji kupwa. Anashuka maji yakianza kukauka mwambani, na maji yakigeuka lazima arudi. Kwa jumla ana saa nne hivi. Mzungushe kilomita mbili za mchanga kwenda na mbili kurudi, umemla saa moja, yaani robo ya kazi yake. Na siku nzuri za kazi hiyo ni tano au sita katika kila wiki mbili. Wengi wao ni kina mama, na wengine wana watoto wa kurudia nyumbani.

Tukiambiwa tuhamishie vyombo bandari ya jirani, tunaona wazi kwamba aliyesema hajapata kutoka na chombo. Kila bandari ina mlango wake katika mwamba. Ndani ya mwamba maji yakipwa hakuna pa kupitisha hata hori kutoka bandari moja hadi nyingine. Kuna bandari zinazokaa salama wakati wa kaskazi na hazikaliki wakati wa kusi. Mwenye chombo anahitaji kukiona kila siku: kufua maji, kukaza kamba, kukipweleza kwa kalafati (kuziba nyufa za mbao) siku za bamvua. Mashine huifungua na kwenda nayo nyumbani jioni kwa sababu ya wezi. Mashine ya nguvu farasi 15 ina uzito wa karibu kilo 40, na mtungi wa lita 25 za petroli unaongeza kilo 18 na ushei. Mzigo huo hauzungushwi kilomita mbili.

4. Njia iliyoachwa kwa jina tu

Baadhi ya wenye viwanja wameacha njia, na ofisi inahesabu kwamba shauri limekwisha. Tunaomba afisa aje na futi ya kupimia.

Njia ya upana wa mita 1.2 kati ya kuta mbili, yenye kona ya pembe mraba, haipitishi mti uliolazwa wenye urefu unaozidi mita 3.4 hivi. Hiyo ni hesabu ya shule, na matokeo yake hayana rushwa. Foromali, mti wa kubebea tanga, ya mita 5 hailiwezi pindo hilo. Inabidi iinuliwe juu ya ukuta, na juu ya ukuta kuna vigae vya chupa au waya wa umeme. Njia hiyo hiyo ikipanuliwa hadi mita 3, inapitisha mti wa mita 8. Ikinyooka bila kona, tatizo halipo. Lema kubwa nalo lina upana wa zaidi ya mita moja na halipiti kwenye lango la sentimita 90. Kwenye majabali, tunajengewa ngazi tupu bila mteremko wa pembeni wa gurudumu, kana kwamba samaki wanapanda wenyewe.

Kisha lango. Linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, saa za ofisi, na bahari haina ofisi. Mlinzi anashika kitambulisho cha taifa mpaka mtu arudi. Mtu akirudi zamu imebadilika na kitambulisho kimefungiwa kabatini. Mchuuzi asiyekuwa na kitambulisho siku hiyo hanunui samaki siku hiyo.

5. Samaki hangoji

Kwa hesabu inayotumiwa na wataalamu wa samaki, samaki aliyekaa katika joto la nyuzi 30 huharibika kwa kasi ya mara 16 kuliko aliye kwenye barafu inayoyeyuka. Saa moja ya kuzungukia ukuta ni kama saa 16 za barafuni zilizopotea. Barafu ya kutosha kwa joto letu ni kilo moja kwa kilo moja ya samaki, kwa hivyo mchuuzi anayechukua kilo 30 anashuka na barafu kilo 30, na kupanda na mzigo wa kilo 60. Bila njia ya mkokoteni, anapunguza barafu. Kila mtu anapunguza barafu.

Kwa changu na tafi hasara ni ya bei. Kwa jodari, nguru na vibua ni ya afya. Samaki hawa wakipata joto hutengeneza histamini, na histamini ikishaingia haitoki kwa kukaanga, kugandisha wala kukausha. Anayekula anavimba uso, anawashwa, kichwa kinamgonga, na lawama anapewa mama karanga aliyekaanga vizuri kabisa samaki aliyecheleweshwa na lango.

6. Ukuta wa wima unaokula ufuo

Wimbi likipiga ukuta wa wima hurudi na nguvu yake na kuchukua mchanga wa chini ya ukuta. Ufuo unashuka, maji kujaa yanafika mahali ambapo hayakuwa yakifika, na miaka michache baadaye mwenye ukuta anasema mpaka wake umekuwa ukiguswa na bahari siku zote. Anayeidhinisha michoro ya kuta hizi anaidhinisha pia kupotea kwa njia ya ufuoni. Tungependa kumjua.

Majibu tunayoyatarajia

Usalama. Tunakubali kwamba wageni na wakazi wana haki ya kulala salama. Njia iliyonyooka, yenye ukuta pande zote mbili na taa kila mwisho, ni salama kuliko watu kukatiza bustani gizani. Rejesta ya BMU ina majina ya wanachama na vyombo vyao. Mwenye wasiwasi na aje tumwonyeshe, kuliko kushika vitambulisho.

Wawekezaji watakimbia. Hoteli zinazotuuliza pweza na nguru wa leo zinataka samaki huyo afike jikoni vipi?

Nendeni mahakamani. Huenda tukaenda. Lakini kwa njia zilizochorwa ni aibu umma kushtaki ili upewe kilicho chake kwenye ramani ya serikali yenyewe, na kwa zisizochorwa sheria imeipa kaunti uwezo wa kuomba bila kesi. Uvuvi umo katika kazi za kaunti kwa Jedwali la Nne la Katiba. Haiwezekani kaunti iwe na uvuvi bila kuwa na njia ya kuufikia.

Hakuna pesa ya fidia. Ndiyo maana tumezigawa njia katika aina tatu. Anzeni na zile zisizohitaji fidia.

Tunachoomba

(a) Orodha ya bandari zote za samaki za kaunti, kila moja na njia zake, ikionyesha ipi imechorwa, ipi haikuchorwa na ipi ni ya hisani, ibandikwe katika ofisi za wadi na za BMU. Sisi tutatoa wazee wa kuonyesha na vijana wa kupima kwa simu.

(b) Njia zote zilizochorwa zipimwe upya, bikoni zirudishwe, na notisi za kufungua zitolewe kwa wote walioziziba, bila kuchagua jina.

(c) Kaunti yenyewe, si BMU, ipeleke maombi ya njia ya jamii kwa njia zisizochorwa, ikianza na bandari ambazo hazina njia nyingine inayopitika maji yakijaa.

(d) Mkataba wa mfano wa haki ya kupita uandaliwe kwa wenye mashamba walio tayari, na kaunti ilipie ada ya usajili. Tunao kadhaa waliokwisha kukubali kwa mdomo. Ni wazee.

(e) Kwa mamlaka mliyo nayo chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, pasiidhinishwe mchoro wowote wa kiwanja cha ufuoni, wala mabadiliko ya matumizi, wala ukuta, kabla mpima na afisa wa uvuvi hawajatia sahihi kwamba njia imeachwa.

(f) Vipimo viandikwe: upana usiopungua mita 3, hakuna kona ya pembe mraba, mteremko wa gurudumu kando ya ngazi, na kama lazima pawe na lango, liwe wazi usiku na mchana.

Kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, tunaomba pia nakala za vibali vya ujenzi wa kuta za ufuoni vilivyotolewa na kaunti hii tangu mwaka huo. Sheria inatoa siku 21 za kujibu, nasi tutazihesabu kuanzia siku barua hii itakapopigwa muhuri.

Mkikubali kikao, tunaomba kifanyike bandarini, siku ya bamvua, saa kumi na nusu jioni. Vikao vya nyuma viliitishwa asubuhi maji yakiwa yamekupwa, wageni wakaona ufuo mpana wakarudi wakisema hawaoni tatizo. Viatu vya kulowa vinafaa.

Wenu kwa heshima,

Wavuvi, wachuuzi na mama karanga wa bandari ndogo, kwa pamoja na viongozi wa BMU zao

Nakala: Tume ya Taifa ya Ardhi, wawakilishi wetu wa wadi, mbao za matangazo za bandari zote